Mgeni Apewe Jembe: Jiji la Eldoret na Wataalamu Chipukizi

Utangulizi

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Husema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hizi mara nyingi hutajwa kana kwamba zinapingana: ya kwanza humpokea mgeni kwa furaha, ilhali ya pili humkumbusha kwamba siku za kukirimiwa zimekwisha. Zikitazamwa kwa makini, hata hivyo, zinasimulia hatua mbili za safari moja. Mgeni hukaribishwa kwa sababu ujio wake una manufaa. Kisha hupewa jembe kwa sababu asiye na jembe hana konde, na asiye na konde hana sababu ya kusubiri mavuno.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi jiji dogo linavyoweza kuwavuta wataalamu chipukizi na kuwaunganisha wao kwa wao na pia na wenyeji wao. Mfano utakaotumika ni Eldoret, jiji changa zaidi nchini Kenya. Hoja kuu ni kwamba Eldoret limefaulu kiasi kikubwa katika hatua ya kwanza, yaani ya kumwita mgeni, lakini bado linasitasita katika ya pili. Kazi humleta kijana, lakini hukaa kwa sababu ya watu. Pale ambapo watu hao hawapo, mshahara pekee haumzuii kufunga virago.

Ni nani mtaalamu chipukizi, na jiji dogo ni lipi?

Kwa madhumuni ya makala haya, mtaalamu chipukizi ni kijana aliyehitimu katika taaluma fulani na aliye katika miaka yake ya mwanzo kazini: daktari, muuguzi, mwalimu, mhandisi, mhasibu, wakili, mtaalamu wa kompyuta au mwanahabari. Huyu ana sifa mbili zinazomtofautisha na wakazi wengine. Kwanza, taaluma yake inahitajika mahali pengi, na kwa hivyo anaweza kuhama. Pili, bado hajajenga, na mara nyingi hajaoa au kuolewa, kwa hivyo kuhama hakumgharimu sana. Anafanana na ndege aliyetua tawini: hajaamua iwapo atajenga kiota hapo au la.

Kuhusu jiji, Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka wa 2011 iliweka kiwango cha watu 500,000 kabla ya mji kupandishwa hadhi. Marekebisho ya mwaka wa 2019 yalikishusha kiwango hicho hadi 250,000, na hivyo kufungua mlango kwa miji ya wastani. Nakuru ulipata hadhi ya jiji mnamo Desemba 2021, na Eldoret ukafuata tarehe 15 Agosti 2024, baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka wa 2019, Eldoret ulikuwa na wakazi 475,716, ilhali Nairobi ilikuwa na 4,397,073. Kwa maneno mengine, kwa kila mkazi mmoja wa Eldoret palikuwa na takriban tisa wa Nairobi. Tofauti hii ndiyo inayolifanya jiji liitwe dogo, na ndiyo pia inayoeleza mvuto na udhaifu wake.

Mji uliojengwa na wageni

Si rahisi kuuelewa uhusiano wa Eldoret na wageni bila kurejelea historia yake. Nyanda za Uasin Gishu zilikuwa malisho ya jamii za wafugaji kabla ya walowezi wa Kikaburu kutoka Afrika Kusini kuwasili mnamo 1908 na magari yao ya kukokotwa na maksai. Posta ilifunguliwa mwaka wa 1910 katika ploti nambari 64, na jina la nambari hiyo likang'ang'ania mahali hapo hivi kwamba hadi leo wengi huuita mji huo Sisibo. Jina la Eldoret, ambalo asili yake ni neno la Kimaasai linalohusishwa na mawe ya Mto Sosiani, lilirasimishwa mwaka wa 1912. Reli ilipofika mnamo 1924, ilileta makarani, mafundi, wafanyabiashara wa asili ya Kihindi na vibarua kutoka pembe mbalimbali za nchi.

Baada ya uhuru mkondo huo uliendelea. Viwanda vya nguo, kikiwemo kile cha Rivatex, viliajiri watu wa jamii nyingi. Chuo Kikuu cha Moi, cha pili miongoni mwa vyuo vikuu vya umma nchini, kilianzishwa mwaka wa 1984. Uwanja wa ndege wa kimataifa ulifunguliwa mwaka wa 1997. Hospitali iliyoanza kwa udogo mnamo 1917 ilikua ikawa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na mnamo 2001 ushirikiano wake na chuo hicho pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani ukazaa mpango wa AMPATH, uliojipatia sifa katika kukabiliana na janga la UKIMWI. Chuo Kikuu cha Eldoret nacho kilipewa hati yake mwaka wa 2013.

Hata hivyo, historia hiyo ina ukurasa mwingine ambao haufai kurukwa. Ardhi iliyotwaliwa na ukoloni ilibadilisha mikono baada ya uhuru kwa njia zilizoacha manung'uniko mazito, na manung'uniko hayo yakachochewa kila siasa zilipopamba moto. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ghasia zilizuka nchini, na Tume ya Waki iliorodhesha vifo 1,133. Viunga vya Eldoret viliathirika vibaya. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo kutafuta usalama. Anayejadili namna ya kumshawishi kijana kutoka jamii nyingine ahamie Eldoret sharti akumbuke kwamba wazazi wa kijana huyo hawajasahau.

Kinachomvuta kijana

Mambo matatu ndiyo yanayolipa jiji hili mvuto wake leo. La kwanza ni kazi zenyewe. Tangu Machi 2013, serikali za kaunti zilipoanza kufanya kazi chini ya Katiba ya mwaka wa 2010, nafasi nyingi ambazo zamani zilitolewa Nairobi zilihamia mashinani. Huduma za afya, kilimo, mipango ya miji na sehemu ya kazi za ujenzi zikawa chini ya kaunti. Mhandisi au afisa wa mipango ambaye angesubiri miaka mingi katika wizara alipata nafasi ya kubuni na kusimamia miradi mapema.

La pili ni gharama. Kwa kawaida kodi ya nyumba Eldoret ni nafuu kuliko ya Nairobi, na maziwa, mahindi na mboga hutoka mashamba ya karibu. Anayeishi Langas au Kapsoya hafiki kazini akiwa amechoshwa na saa mbili za msongamano. Muda huo anaweza kuutumia kusoma, kufanya kazi ya ziada au kupumzika.

La tatu ni sifa. Eldoret linajulikana duniani kwa wanariadha, ambao wengi wao wamewekeza mapato yao katika majengo ya biashara na ya makazi mjini humo. Mbio za masafa marefu za jiji, zilizoandaliwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2018, huwakusanya pamoja mabingwa na wakimbiaji wa kawaida. Jiji lenye jina haliwi vigumu kulitaja katika barua ya maombi ya kazi.

Kinachomwondoa

Mbona basi, pamoja na mvuto wote huo, wapo wanaoondoka baada ya miaka miwili au mitatu? Jibu la haraka ni kwamba Nairobi hulipa zaidi. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Lau pesa zingekuwa kila kitu, kijana asingekubali kuja tangu mwanzo.

Sababu moja ni ufupi wa ngazi. Katika jiji kubwa, mhasibu aliyekwama katika kampuni moja huvuka barabara akaomba kazi katika nyingine. Katika jiji dogo, waajiri wa taaluma moja huenda ni wanne au watano, na wote wanafahamiana. Akikosana na mmoja, habari zake hutangulia kabla yake. Sababu nyingine ni mwenzi. Kijana anapooa au kuolewa, swali halihusu tena kazi moja bali mbili, na jiji lililompatia daktari ajira huenda lisiwe na nafasi kwa mumewe mwanasheria au mkewe msanifu majengo.

Lakini sababu inayoonekana kwa urahisi mdogo zaidi ni upweke. Chukulia mfano wa muuguzi aliyezaliwa Kwale na kuajiriwa Eldoret. Jumatatu hadi Ijumaa ana wenzake wodini. Jumamosi wenzake hao huenda mashambani kwao, kwa kuwa wengi wana makwao karibu. Wengine wana mikutano ya ukoo, harambee na matanga. Yeye hubaki chumbani na simu yake. Mwezi ukiisha, hupanda matatu ya Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 300, kuwatembelea marafiki wa chuo. Mshahara anaoupata Eldoret huutumia kununua ujamaa Nairobi. Siku atakapopata kazi huko, hata yenye mshahara uleule, hataaga mara mbili.

Hali hii si ya Eldoret pekee. Tume ya Huduma za Walimu ilipoanza mwaka wa 2018 kuwahamisha walimu, hasa wakuu wa shule, nje ya kaunti zao, lengo lilikuwa la kitaifa na lenye nia njema. Malalamiko yaliyofuata yalihusu familia zilizotenganishwa na walimu waliojihisi wageni walikopelekwa, na kuanzia mwaka wa 2022 sera hiyo ikaanza kulegezwa. Funzo lake ni dhahiri: barua ya uhamisho inaweza kumfikisha mtu mahali, lakini haiwezi kumpa jirani.

Chama, ushirika na siri ya wadhamini

Watu huunganishwaje, basi? Wakenya hawajakosa jibu la kienyeji. Chukulia chama cha kuchangiana cha watu kumi na wawili, kila mmoja akitoa shilingi 5,000 kwa mwezi. Kila mwezi mwanachama mmoja hupokea shilingi 60,000. Anayepokea mwezi wa kwanza hubaki na deni la michango kumi na mmoja, yaani shilingi 55,000, na wenzake hawana dhamana yoyote ila neno lake. Ni kwa sababu hii chama huanza kwa kuulizana: huyu ni nani, anatoka wapi, nani anamjua? Aliyekubaliwa hufungwa na mzunguko wa mwaka mzima, na mzunguko mmoja huzaa mwingine. Kabla hajatambua, amehudhuria harusi tatu, amechangia matibabu ya mzazi wa mwenzake na amenunua ploti kwa ubia.

Ushirika wa akiba na mikopo nao hufuata kanuni inayokaribiana na hiyo. Mwanachama huweka akiba, kisha hukopa kiasi kinachozidi akiba yake kwa sharti la kupata wadhamini miongoni mwa wanachama wenzake. Hapa ndipo mgeni anapokwama. Ana hati ya mshahara, ana akiba, lakini hana mtu wa kutia sahihi. Mwenyeji mwenye mshahara mdogo kuliko wake hupata wadhamini wanne kwa asubuhi moja, kwa kuwa alisoma nao, anaabudu nao na ni jamaa ya wawili kati yao. Kwa hivyo mtaji wa kwanza wa jiji dogo ni kujuana. Pesa hufuata baadaye.

Tatizo ni kwamba kujuana huku mara nyingi hufuata mkondo wa kabila au wa kijiji. Si lazima pawepo chuki. Panapokuwa na deni, mtu humwendea anayemfahamu mamake. Matokeo yake, hata hivyo, hufanana na ubaguzi: wageni wa jamii moja huunda chama chao, wenyeji wana chao, na taaluma inayowaunganisha mchana huwaachilia jioni. Siasa zikichafuka, kila kundi huwa tayari limejitenga.

Katika riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora, Kongowea Mswahili anafunga safari ndefu kutoka Tanga hadi upande wa Kitale, si kwa ajili ya kazi bali kumtafuta babake. Kinachomsukuma barabarani ni mtu. Wapangaji wa majiji wangefaidika kwa kuyazingatia hayo: barabara na majengo humwezesha mtu kufika, lakini anayefikiwa ni mtu mwingine.

Lugha ya chai ya saa nne

Swali la kuunganishwa haliwezi kutenganishwa na swali la lugha, na hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohusika moja kwa moja. Katika ofisi nyingi za miji ya mashinani, mkutano huendeshwa kwa Kiingereza. Mkutano unapoisha na chai ya saa nne kuletwa, lugha hubadilika ikawa lugha ya mama ya walio wengi. Hakuna aliyekusudia kumtenga yeyote. Lakini ni kwenye chai hiyo ambapo nafasi za kazi hutajwa kabla ya kutangazwa, ploti nzuri hujulikana, na Jumamosi hupangwa. Asiyeelewa hutabasamu, humaliza kikombe chake na kurudi mezani pake.

Kiswahili, ambacho Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, kina faida hapa ambayo Kiingereza hakina. Kiingereza huunganisha vyeti. Kiswahili huunganisha utani, pole, hongera na masengenyo madogomadogo ambayo kwayo watu huzoeana. Aidha, si lugha ya mama ya wenyeji wala ya wageni wengi katika Uasin Gishu, na kwa hivyo wanapoitumia wote wanakutana katikati ya daraja.

Haimaanishi kwamba lugha ya wenyeji ni adui. Daktari anayeweza kumsalimu mgonjwa mkongwe kwa "Chamgei" na kuuliza panapouma kwa lugha anayoielewa atahudumu vyema kuliko anayetegemea mkalimani. Mgeni anayejifunza lugha ya alikofikia huonyesha kwamba ameshika jembe kwa mikono yake mwenyewe. Kinachohitajika ni pande zote mbili kusogea: mwenyeji aihamishie chai katika Kiswahili mgeni akiwepo, na mgeni naye ajifunze salamu za mwenyeji.

Je, vijana wa nyumbani?

Pingamizi moja linastahili kujibiwa kwa uaminifu. Kwa nini jiji lijishughulishe na wageni ilhali vijana wake wenyewe wana shahada na hawana kazi? Uchungu wa swali hili ni wa kweli, na kuudharau ni kuuchochea.

Majibu ni mawili. Kwanza, sheria imekwisha kuliona suala hili. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 inazitaka bodi za ajira zizingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasiotoka katika jamii kubwa ya kaunti husika. Kinyume chake ni kwamba sehemu kubwa inayosalia iko wazi kwa wenyeji. Mgeni hajaja kufagia kapu lote. Pili, kijana wa Eldoret mwenye taaluma naye ni mgeni mahali pengine. Yuko Nairobi, Kisumu au Mombasa, akisaka mdhamini na akinywa chai asiyoielewa. Jiji linalojifunza kumpokea mtoto wa mwingine linajifunza pia namna ya kumrudisha wake, kwa kuwa wote wawili huuliza swali lilelile: nikija, nitakuwa na nani?

Jembe lenyewe

Hatua zifuatazo hazihitaji bajeti kubwa. Waajiri wakubwa, yaani hospitali, vyuo na kaunti, wanaweza kuwapokea waajiriwa wapya kwa pamoja badala ya kila mmoja kivyake, ili mhandisi na mwalimu walioripoti mwezi mmoja wafahamiane kabla ya upweke kuwatawanya. Mwajiri anayemtaka daktari anaweza kuuliza kuhusu taaluma ya mwenzi wake na kumwelekeza kwa waajiri wengine mjini. Vyama vya ushirika vinaweza kuwakutanisha wanachama wapya na wa zamani mara kwa mara, ili udhamini utokane na kazi na tabia inayoonekana badala ya ukoo pekee. Vilabu vya mbio za asubuhi, ambavyo ni urithi wa eneo hilo, havimuulizi mtu jina lake la mwisho. Vinaweza kuwa malango ya kwanza ya mgeni.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina sehemu yao. Jioni ya mashairi mara moja kwa mwezi, mchezo wa kuigiza unaoandaliwa na wauguzi na walimu kwa pamoja, au darasa la Kiswahili sanifu kwa watumishi wa umma ni mambo yanayoweza kuanzishwa na wanafunzi wachache wenye ari na ukumbi wa kuazimwa.

Lililo muhimu zaidi, hata hivyo, ni usemi katika mambo ya jiji. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji inatoa nafasi ya mabaraza ya wakazi, ambapo watu hujadili huduma na mipango ya mahali wanapoishi. Inazitaka pia bodi za majiji ziwe na wanachama waliopendekezwa na makundi mbalimbali, yakiwemo mashirika ya kitaaluma na majirani. Sheria haisemi mkazi awe mzaliwa. Kijana aliyehoji mbona taa za mtaa wake hazijawaka, akajibiwa, na akaziona zikiwaka, ameanza kuwa mwenyeji.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba jiji dogo huwavuta wataalamu chipukizi kwa kazi, unafuu na sifa, lakini huwapoteza kwa ufupi wa ngazi, kwa kukosa nafasi za wenzi wao, na zaidi ya yote kwa upweke. Yameonyesha jinsi chama, ushirika na lugha ya mazungumzo yasiyo rasmi vinavyoamua ni nani aliye ndani na ni nani aliye nje.

Kwa Eldoret jambo hili lina uzito wa kipekee. Kila mwaka wa uchaguzi, zipo familia zinazofungasha na kwenda kusubiri matokeo kwao walikozaliwa. Muuguzi wa Kwale atafanya uamuzi wake pia. Iwapo kufikia hapo ana wenzake kumi na mmoja wanaosubiri mchango wake, mdhamini aliyetia sahihi kwa jina lake na jirani anayempigia simu kuuliza kama amekula, huenda akabaki. Mwaka wa 2024 Eldoret lilipata hati ya kuitwa jiji. Kuwa nyumbani kwa mtu hakuna hati yake. Huthibitika siku ambayo mtu angeweza kuondoka, akakaa.